Abiria wenzako wa kila siku: nini cha kutazama, namna ya kukiandika, na wapi watu hukosea

Mlango wa Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wale wanaopanda gari njia ile ile, saa zile zile, siku tano kwa wiki, na wameshachoka kuinamia simu. Naomba tuweke mambo ya kufanyia kazi. Visa vya "nilimwona jamaa mmoja" vina nyuzi zake, tusivilete hapa.

Kanuni yangu ya kwanza: andika kinachoonekana, acha kinachodhaniwa. "Ana mawazo" hakionekani. "Kaegemeza paji la uso kwenye kioo, macho wazi, vituo vitatu" kinaonekana. Ukilifungua daftari baada ya mwezi, ile ya kwanza haikusaidii kitu, maana hutajua ilitoka usoni kwake au kichwani kwako.

Vifaa ni daftari dogo la kuingia mfuko wa shati, saa ya mkononi na penseli. Nasema penseli kwa sababu kalamu ya wino hukatakata ukiandika daftari likiwa limesimama wima, na ndani ya gari lililojaa ndivyo utakavyoliandika.

Kabla ya abiria, lichore gari lenyewe. Chora mstatili, hesabu safu za siti kuanzia kwa dereva: 1, 2, 3 na kuendelea. Kisha herufi kutoka kushoto kwenda kulia ukiwa umeelekea mbele: A na B, njia ya kati, C na D. Kwa hiyo 3A ni safu ya tatu, dirishani, kushoto. Waliosimama wape alama za mahali: M1 mlango wa mbele, M2 mlango wa kati au wa nyuma, K1 hadi K4 njia ya kati ikigawanywa vipande vinne. Mchoro ukishakuwa safi, toa nakala za safari kumi.

Kila mstari wa daftari uwe na mambo matano: saa, kituo, mahali, mkao, mikono. Mfano:

1:12 / kituo cha 4 / 3A / begi pajani, uso dirishani / kulia simu, kushoto kashika mkanda wa begi

Mikono nimeitenga makusudi. Watu hadharani wanaufunza uso utulie, mikono wanaisahau.

Safari tatu za mwanzo usiandike mtu yeyote. Hesabu vituo, pima dakika kati ya kituo na kituo, jua gari husimama sekunde ngapi kila mahali. Bila hivyo, mtu akiinuka kwenye siti hutajua kama kainuka mapema au kachelewa. Safari kumi zinazofuata ndizo za kazi. Ukija hapa na hitimisho la safari mbili tutakurudisha kituoni.

Dirishani

Mkuu umeanza vizuri, ila umeruka kikwazo cha kwanza: unatazamaje bila kumkodolea mtu macho?

Erving Goffman, mwanasosholojia, alikipa kitu hiki jina mwaka 1963. Kwa Kiswahili nakiita kupuuzana kwa adabu: unamtupia mtu jicho la kutosha kuonyesha kwamba umemwona, halafu unaliondoa ili ajue kwamba huna neno naye. Abiria wote wanaijua sheria hiyo bila kufundishwa. Ukiivunja, siti nzima inakugeukia.

Kuna utafiti uliotoka mwaka 2016 uliopima watu wanaweza kutazamana machoni muda gani kabla hawajajisikia vibaya, ukapata wastani wa sekunde 3.3. Lakini wale walikuwa wanatazama uso kwenye video, wametulia, tena wamekubali wenyewe kupimwa. Ndani ya gari usiikaribie hiyo namba. Sekunde moja, basi.

Namna inayofanya kazi ni kufagia. Jicho linaanza mbele, linapita kichwa hadi kichwa bila kutua, linaishia dirishani. Unachotaka ukumbuke ni kitu kimoja tu kwa kila mtu. Na usitue usoni, tua kwenye begi au viatu. Gari likifunga breki au mlango ukifunguka, kila mtu huinua macho. Hapo na wewe inua, hakuna atakayekuuliza. Hiyo ndiyo nafasi yako, sekunde tatu nne hivi, mara moja kila kituo.

Kioo cha dirisha kinasaidia lakini kina masharti. Kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake, yaani karibu 8 kwa nyuso zote mbili. Mchana mwanga wa nje unazimeza hizo 8, unaona barabara. Usiku, au treni ikiingia handakini, ndani ndiko kwenye taa, basi dirisha linageuka kioo cha kujitazamia. Wengi wanasahau sharti la mwisho: ukiyaona macho ya mtu kwenye kioo, naye anayaona yako. Kioo hakina upande wa siri.

Miwani myeusi acheni. Inaficha macho, haifichi shingo.

(Pembeni kidogo: Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1908 kwamba kabla ya mabasi, treni na tramu za karne ya 19, watu hawakuwa wamewahi kuwekwa mahali pa kutazamana dakika nyingi au hata saa nzima bila kusemezana. Paris walipata mabasi ya farasi mwaka 1828. Kwa hiyo aibu hii tunayoizungumzia haijafikisha hata miaka mia mbili na ushee.)

Kituo Kijacho

Naleta sehemu ambayo wengi wanaitaka: nani anashuka kituo kinachofuata.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Kwanza ni macho. Mtu anayekaribia kwake hutoa macho kwenye simu kwenda nje mara mbili ndani ya muda mfupi. Mara moja haina maana, kila mtu huchungulia. Mara mbili anatafuta alama: mti, jengo, kona.

Halafu vitu vinaingia ndani. Hedifoni, chaja, chupa, kitabu. Sauti ya zipu ikifunga begi ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote za hatua hii, kwa sababu kufungua begi kuna sababu nyingi lakini kulifunga na kulivuta mkanda begani kuna chache.

Kisha begi lenyewe linapanda, kutoka sakafuni kwenda pajani. Baada ya hapo ni miguu: ule wa upande wa njia unatoka nje ya mstari wa siti, goti linageukia njiani, mkono mmoja unashika mgongo wa siti ya mbele. Mwisho nyonga zinasogea ukingoni mwa siti. Akifika hapo huna haja ya kubashiri, kila mtu anaona.

Aliyekaa dirishani huanza mapema kuliko wa njiani, kwa sababu ana mtu wa kumpita. Kwa hiyo mtazame na jirani yake: wa B akikunja magoti pembeni ghafla, wa A ameshamgusa au kamwambia.

Sasa makosa. Simu kuingia mfukoni si dalili ya kushuka, huenda chaji imekwisha au mtandao umepotea. Begi kuinuliwa kunatokea pia sakafu ikilowa. Macho nje kunatokea kwa gari zima kukiwa na ajali barabarani. Ndiyo maana nataka dalili mbili za makundi tofauti, mfano zipu na mguu. Zipu na hedifoni ni kundi moja, hesabu moja.

Na lazima uandike ubashiri kabla mlango haujafunguka. Siti, kituo, kisha weka vema ukipatia au mkasi ukikosa. Asiyeandika anakumbuka alipopatia tu. Halafu linganisha na bahati nasibu: tuseme gari lina watu 40 na kituo hicho hushuka 4. Ukimchagua yeyote kwa kufumba macho unapatia mara 1 kati ya 10. Kama wewe umebashiri mara 20 ukapatia 9, dalili zako zina kitu. Kama umepatia 3 ulikuwa unacheza.

Bomba la Juu

Nyongeza kwa sisi tunaoshika bomba tukisubiri siti ya anayeshuka.

Watu wanajua wa kusimama karibu naye, hawajui wasimame upande gani. Anayeinuka hugeukia mlangoni. Ukisimama kati yake na mlango, lazima urudi nyuma kumpisha, na wakati unarudi yule aliyekuwa upande wa pili anaketi. Simama upande ulio mbali na mlango, nusu hatua nyuma ya bega lake. Akitoka, nafasi inafunguka mbele yako.

Usisimame uso kwa uso na magoti yake. Anaona kama unamdai, anachelewa kuinuka, mnagongana. Na gari likiwa limejaa kabisa sahau mlangoni, pale watu wanabanana na hakuna siti. Ingia K2 au K3.

Pembe Tatu

Samahani wakuu. Hii na umbea tofauti yake ni ipi? Mtu kapanda gari lake aende kazini, hajaomba kuandikwa kwenye daftari la mtu.

Mlango wa Nyuma

Mkuu Pembe Tatu swali lako ni la haki, na nilipaswa kuanza nalo.

Hakuna picha, hata ya viatu. Hakuna jina ukilisikia, hakuna namba ya simu, hakuna kusoma skrini ya mtu na kuandika kilichomo. Watoto hawaandikwi. Hushuki kituo kisicho chako kumfuata mtu. Mtu akikutazama mara ya pili, daftari linafungwa na halifunguliwi mpaka ashuke. Akikuuliza unaandika nini, unamwambia kweli na unamwonyesha ukurasa. Kama ukurasa huo unaona haya kuuonyesha, hukupaswa kuuandika.

Kuhusu picha, mpigapicha Walker Evans alificha kamera ndani ya koti akapiga abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kati ya 1938 na 1941, lakini kitabu chake cha picha hizo alikitoa mwaka 1966. Aliziacha zikapoa robo karne. Leo picha inaruka dunia nzima kabla gari halijafika kituo cha pili, kwa hiyo hoja ya "yeye alipiga" haisimami.

Pembe Tatu

Nimekuelewa. Ila angalia, Kituo Kijacho anaandika nani anashuka wapi saa ngapi. Rudia siku kumi, tayari una ratiba ya mtu. Daftari likidondoka je?

Kituo Kijacho

Umenikamata hapo. Narekebisha: andika siti na vema au mkasi, usiandike mtu. "5C, kituo cha 7, vema." Kesho 5C anakaa mwingine. Usiandike mavazi wala umbo kwenye mstari wa ubashiri. Hesabu itatoka ile ile na hakuna ratiba ya yeyote.

Mzee wa Hesabu

Nimesoma mpaka hapa, sijaona mtu akihesabu watu wenyewe. Mnabashiri mmoja mmoja na hamjui gari lina wangapi.

Idadi ya waliomo ni rahisi kuliko kuhesabu vichwa. Anza kituo cha kwanza gari likiwa tupu. Kila kituo: waliomo = waliokuwemo + waliopanda − walioshuka. Simama au kaa penye mlango unaoonekana wote. Kama gari lina milango miwili inatakiwa watu wawili, usijidanganye. Mwisho wa njia hesabu irudi sifuri. Isiporudi, makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, mtoto wa pajani alihesabiwa akipanda hakuhesabiwa akishuka. La pili ni la mlangoni: gari likijaa, waliosimama penye mlango hushuka kupisha wengine kisha hupanda tena. Ukiwahesabu pande zote mbili wanafutana. Ukiwahesabu upande mmoja, kosa linatembea na wewe mpaka mwisho.

Msongamano unapimwa kwa waliosimama kwa mita ya mraba. Watengenezaji wengi huhesabu uwezo wa gari kwa watu 4 kwa mita ya mraba, wengine 6. Njia ya kati yenye upana wa mita 0.6 na urefu wa mita 6 ina mita za mraba 3.6. Kwa kipimo cha 4 inabeba watu 14, kwa 6 inabeba 21 au 22. Huna futi? Pima urefu wa kiatu chako nyumbani mara moja, halafu hesabu viatu.

Kwa nini kipimo hiki kina maana kwa anayetazama watu: Edward Hall, mwanaanthropolojia, mwaka 1966 aligawa umbali kati ya watu akaweka chini ya sentimita 45 kuwa ya ndugu na wapenzi. Mipaka yake aliitoa kwa Wamarekani, kila jamii ina yake. Lakini watu 4 kwenye mita moja ya mraba, kila mmoja ana mraba wa sentimita 50 kwa 50. Yaani mgeni yupo palepale anapokaa mwenzi wako. Ndiyo maana mikao inabadilika: mabega yanageuka pembeni, viwiko vinaingia kifuani, macho yanapanda kwenye dari na matangazo. Usiandike "wana hasira". Hawana hasira, hawana nafasi.

Halafu kuna mtego mkubwa kuliko yote. Tuseme magari mawili yamepita, moja na watu 80, jingine 20. Wastani wa magari ni 50. Lakini waulize abiria wote 100: themanini watasema tulikuwa 80, ishirini watasema tulikuwa 20. Wastani wao ni (80×80 + 20×20) ÷ 100 = 68. Abiria hasemi uongo na mwenye gari hasemi uongo. Magari yaliyojaa yana mashahidi wengi, ndiyo hivyo tu. Nawe ni mmoja wa mashahidi hao, kwa hiyo daftari lako litaonyesha gari limejaa kuliko wastani hata ukihesabu bila kosa.

Dirishani

Mzee hapo kwenye 80 na 20, ndiyo sababu gari lililojaa hufuatwa nyuma na lililo tupu?

Mzee wa Hesabu

Ni kisa jirani. Gari likichelewa dakika mbili, kituoni wanakuwa wameongezeka watu. Kila anayepanda anakula sekunde, kwa hiyo linachelewa zaidi, kituo cha mbele linakuta wengi zaidi. La nyuma yake linakuta waliobaki, linasimama kidogo, linakimbia, mwishowe yanaongozana kama ng'ombe na ndama. Kwa mtazamaji athari ni hii: ukipanda la mbele siku hiyo, nusu ya sura zako za kila siku zipo la nyuma. Usiandike "leo hawakuja". Andika dakika ambazo gari lilichelewa, sababu utaiona hapo.

Siti ya Pili

Naongeza mpangilio wa kukaa, kwa kuwa ndio unaoonekana kwa uwazi zaidi asubuhi gari likiwa bado tupu.

Siti za watu wawili hujaa dirishani kwanza, mmoja kila safu. Safu tupu zikiisha ndipo mtu anapoanza kuchagua jirani. Hapo ndipo pa kufungua daftari. Esther Kim, mwanasosholojia, mwaka 2012 alichapisha aliyoyaona kwenye mabasi ya safari ndefu Marekani: watu huweka begi siti ya pembeni, hukaa siti ya njiani dirishani pakiwa wazi, hujifanya wamelala, huvaa hedifoni zisizolia kitu. Utayakuta yote kwenye safari ya dakika arobaini pia. Begi lina daraja zake: begi lililosimama wima huondolewa kwa kutazamwa tu, lililolazwa linahitaji "samahani", na lililofunguliwa na vitu vikatandazwa mwenye nalo amekusudia.

Siti za watu watatu, ya katikati hubaki wazi hata watu wakiwa wanasimama. Watafiti Gary Evans na Richard Wener waliwapima abiria wa treni za kwenda New York, matokeo yakatoka mwaka 2007: kujaa kwa behewa zima hakukuwatesa watu kama kujaa kwa siti za karibu yao. Kwa hiyo mtu akisimama siti ya kati ikiwa wazi, yupo sahihi kwa mwili wake.

Upande wa jua usiusahau. Gari likielekea kaskazini asubuhi, jua lipo kulia. Jioni likielekea kaskazini lipo kushoto. Wazoefu hukaa kivulini bila kufikiri, wageni wa njia hujaza upande wa jua halafu wanahama. Ukiona upande mmoja umejaa na mwingine una watu watatu waliofunika macho kwa mkono, umepata wageni watatu. Tahadhari: barabara yenye kona nyingi inavuruga hesabu hii yote.

Kichwa Begani

Wanaolala.

Shingo ndiyo saa yao. Usingizi ukianza misuli inalegea, kichwa kinadondoka, kinashtuka, kinarudi. Anayejifanya kalala kichwa chake hakidondoki, kimewekwa mahali. Tazama na mkono uliolala juu ya begi: wa aliyelala kweli vidole vimefunguka, wa anayejifanya vimekunja mkanda. Gari likipiga shimo tofauti inaonekana wazi, mmoja anayumba na gari, mwingine anajizuia.

Suala la "huwa wanaamka kituoni kwao kama wana kengele" limeongezwa chumvi. Usingizi wa kwenye gari mara nyingi ni mwepesi, masikio bado yanafanya kazi, breki na mlango vinafika. Lakini pia tazama unamwona nani. Aliyeamka kituo kisicho chake akalala tena hukumwandika. Aliyepitiliza ulishashuka kabla yake. Anabaki aliyeamka sawasawa, unasema wote wako hivyo. Andika kila kuamka, hata kwa sekunde mbili, halafu uone wangapi walifungua macho mara nne kabla ya ile ya "kimuujiza".

Pembe Tatu

Na zile sura za kila siku ambazo hamsalimiani? Kwa kuwa nimeshakaa, nauliza.

Mlango wa Nyuma

Karibu mkuu, kumbe umeketi.

Hao Stanley Milgram, mwanasaikolojia, aliwaandika mwaka 1972, akawaita wageni tunaowafahamu. Wanafunzi wake walipiga picha abiria wanaosubiri treni kituoni, wiki iliyofuata wakawarudia na picha hizo, wakawauliza nani wanamjua. Kwa wastani mtu alitambua sura nne ambazo hajawahi kuzisemesha, na waliokuwa wakizungumza naye hawakufika wawili. Jambo aliloliona, na ambalo utaliona ukikaa, ni kwamba kadiri mnavyokutana mbali na kituo chenu ndivyo mnavyoelekea kusalimiana. Pale kituoni mazoea yenyewe yanazuia, kwa sababu ukianza leo utalazimika kuendelea kesho na keshokutwa. Gari likiharibika njiani kizuizi kinaondoka: wanaoanza kusema ni hao hao wa kila siku, tena huanza kama watu wanaojuana. Pima dakika kutoka injini kuzima mpaka neno la kwanza. Kipimo kizuri.

Kwenye daftari usiwape majina ya utani ya maumbile. Wape la mahali: "wa 2A", "wa M2". Pembe Tatu ametushawishi wote hapo.

Siti ya Pili

Na wakisemeshwa hawachukii kama tunavyodhani. Watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014: abiria wa Chicago waliotakiwa kuzungumza na mgeni walisema safari ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya, ilhali wengine walioulizwa kubashiri tu walidhani itakuwa kinyume. Hiyo si ruhusa ya kumrukia mtu. Mwenye hedifoni zote mbili, mwili umegeukia dirishani na begi katikati yenu ameshajibu. Aliyetoa moja sikioni na kukutazama mara mbili hajafunga mlango.

Bomba la Juu

Swali la mwisho kwangu: treni zenye mabenchi yanayotazamana. Pale siti hazina safu, na ukiinua macho tu umeingia usoni kwa mtu. Zipu nazo hazisikiki kwa kelele za reli.

Kituo Kijacho

Geuza daftari. Mabenchi yape kushoto na kulia, hesabu watu kutoka mlango wa karibu: K-1, K-2 kwa kushoto, L-1, L-2 kwa kulia (hii K si ile ya njia ya kati). Kisha shusha macho sakafuni uyaache huko. Kwenye mabenchi yanayotazamana miguu ya wote ipo mbele yako, na anayetazama sakafu hamkeri mtu.

Mtu aliyetulia miguu yake ipo mbele, imenyooka au imepishana vifundoni. Akikaribia kwake anaipishanua, nyayo zote mbili zinatua bapa. Hiyo inaweza kuwa uchovu tu, usiihesabu peke yake. Inayohesabika ni ya mwisho: mwili hauwezi kuinuka kwenye kiti bila kuvuta miguu nyuma na kuinamisha kifua mbele, vinginevyo unarudi kukaa. Kwa hiyo visigino vinarudi nyuma ya mstari wa magoti, kisha kifua kinainama. Dalili hii karibu haidanganyi, shida yake inakuja sekunde moja au mbili tu kabla mtu hajasimama. Ukiviona visigino vimerudi, acha penseli, vuta miguu yako apite.